Kutoka Chaja hadi Kishindiliahewa: Istilahi za Kiswahili katika Ufungaji wa Supachaja kwenye Gari la Spoti la Matumizi ya Kila Siku

Ikisiri

Magari mengi yanayotumika Afrika Mashariki huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na miongozo yake ya kiufundi huwa imeandikwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kijerumani au Kifaransa. Fundi husoma kwa lugha moja, kisha huelekeza na kuelekezwa kwa lugha nyingine. Makala haya yanachunguza pengo hilo kupitia kazi moja mahususi: ufungaji wa supachaja kwenye gari la spoti aina ya Toyota 86 linaloendeshwa kila siku. Kwanza, yanaeleza namna kifaa hicho kinavyofanya kazi. Pili, yanalinganisha majina yake katika lugha nne. Tatu, yanafuata hatua za ufungaji na kubainisha maneno matano, yaani chaja, kompresa, presha, taimingi na kugonga, ambayo kila moja hubeba dhana zaidi ya moja mahali ambapo kosa la dhana linaweza kuharibu injini. Makala yanatetea hoja kwamba istilahi ya ufundi ipimwe kwanza kwa kitendo inachokiongoza, na ndipo ipimwe kwa uzuri wa umbo lake. Mwishoni, yanapendekeza familia ya istilahi iliyojengwa juu ya kitenzi shindilia na kujadili nafasi yake katika mafunzo, ukaguzi na bima.

Maneno makuu: istilahi, ufundi wa magari, supachaja, uangavu, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Nadharia ya istilahi ina asili yake katika karakana. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria anayehesabiwa kuwa mwasisi wa nadharia jumuishi ya istilahi, alichapisha mwaka 1968 kamusi ya dhana za mashine za kukatia vyuma, na katika kazi ya aina hiyo aliona kwamba dhana hutangulia jina. Katika Kiswahili, mjadala wa istilahi umekwenda zaidi upande wa isimu, fasihi, sheria, tiba na teknolojia ya habari. Ufundi wa magari umeachiwa zaidi mafundi wenyewe, nao wameujaza kwa maneno mkopo yanayofanya kazi vizuri: pistoni, silinda, gasketi, plagi, rejeta, alteneta. Hakuna haja ya kuyagusa maneno hayo. Kila moja linataja kitu kimoja, na kila fundi anakijua.

Tatizo huanza pale neno moja linapotaja vitu viwili ndani ya boneti moja. Ufungaji wa supachaja ni mfano mzuri wa tatizo hilo kwa sababu tatu. Kwanza, kazi yenyewe hugusa karibu kila mfumo wa injini: hewa, petroli, cheche, upozaji na umeme. Pili, kosa lake huonekana upesi na gharama yake ni kubwa. Tatu, gari linaloendeshwa kila siku halina nafasi ya kulala gereji likingoja marekebisho, kwa kuwa mwenyewe hulitegemea kwenda kazini asubuhi. Gari la mashindano huangaliwa na timu baada ya kila mzunguko. La matumizi ya kila siku hutegemea kwamba maelekezo yalieleweka barabara tangu mwanzo.

Makala yanatumia uchanganuzi wa dhana. Kila hatua ya kazi inaelezwa kwa Kiswahili, kisha inaulizwa: je, watu wawili wanaosikia maelekezo haya watafanya jambo lilelile?

2.0 Kifaa na kazi yake

Injini ya petroli hutoa nguvu kwa kadiri ya hewa inayoweza kuivuta. Ili kilo moja ya petroli iungue kikamilifu huhitajika takribani kilo 14.7 za hewa. Kwa hiyo kuongeza petroli bila kuongeza hewa hakuongezi nguvu kwa kiasi cha maana. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni kushuka, huku kani ya angahewa ikiisukuma hewa hiyo ndani. Supachaja huongeza kazi hiyo ya kusukuma. Ni mashine inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, nayo huishindilia hewa ndani ya silinda ili ujazo uleule ubebe hewa nyingi zaidi.

Historia ya kifaa hiki ni ndefu kuliko ya gari lenyewe. Mwaka 1860 ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, walipata hataza ya kipulizi chenye rota mbili, ambacho kilitumika katika tanuri za chuma na katika kupitisha hewa migodini. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kuisukumia injini hewa mwaka 1885. Mwaka 1921 magari ya Mercedes yenye kifaa hiki yalionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Berlin. Kati ya matukio hayo, mwaka 1905, mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya njia nyingine: kuizungusha mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini. Hiyo ndiyo asili ya tabo.

Tofauti ya vifaa hivi viwili, basi, imo katika chanzo cha mzunguko. Supachaja huendeshwa na krenki, hivyo huitikia mara tu dereva anapokanyaga mafuta, lakini hula sehemu ya nguvu inazozizalisha. Tabo huendeshwa na moshi ambao ungepotea, lakini huhitaji muda kidogo ili moshi uwe wa kutosha. Kwa gari linalotambaa katika foleni za mjini na kuondoka kwenye mizunguko midogo ya injini, mwitikio wa papo hapo ndio huwavuta wengi kuelekea supachaja, hasa ya rota.

Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2012 kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru, ina injini ya silinda nne zilizolala, ya lita 2.0. Hutoa nguvufarasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 205. Madereva wake wanajua udhaifu wake mmoja: katikati ya mizunguko, karibu na 4,000 kwa dakika, mvuto hushuka kabla ya kupanda tena. Gari la Japani lina usukani wa kulia, hivyo linafaa barabara za Kenya, Uganda na Tanzania bila mabadiliko. Jijini Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kani ya angahewa ni karibu kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Injini hupoteza takribani moja ya tano ya hewa yake. Kwa mmiliki wa huko, supachaja kwanza hurudisha pumzi iliyopotea, kisha ndipo huongeza.

3.0 Majina yake katika lugha nne

Neno la Kiingereza "supercharger" limejengwa juu ya "charge", ambalo hapa halihusiani na umeme. Ni ile shehena ya hewa na petroli inayojazwa ndani ya silinda, kama baruti inavyojazwa ndani ya mtutu. Kifaa kinachojaza zaidi ya kiasi cha kawaida ndicho "supercharger". Hapo awali jina hilo lilikuwa mwavuli. Hata tabo iliitwa kwa Kiingereza "turbosupercharger" kabla ya jina lake kufupishwa.

Wajerumani walichagua "Kompressor", yaani kinachogandamiza. Neno hili limo barabarani Afrika Mashariki bila kutafsiriwa, kwa kuwa limebandikwa nyuma ya magari ya Mercedes-Benz kama C 200 Kompressor. Wafaransa hukiita kifaa "compresseur", lakini mchakato mzima, uwe wa mkanda au wa moshi, huuita "suralimentation", yaani kulisha kupita kiasi. Wajapani husema "kakyūki": mashine inayotoa kwa wingi uliozidi. Neno hilo la Kijapani ni mwavuli wa supachaja na tabo kwa pamoja.

Ulinganisho huu unaonyesha jambo moja. Lugha zote nne zilitaja kitendo: kujaza, kugandamiza, kulisha, kutoa. Kiswahili kilipolichukua neno la Kiingereza kwa sauti yake, kilipata jina na kukikosa kitendo. Kibaya zaidi, sehemu ya pili ya jina hilo tayari ilikuwa na maana nyingine. Msemaji wa Kiswahili anayesikia "supachaja" husikia "chaja", na chaja ni kifaa cha kutia umeme kwenye simu.

Mgongano huo si wa masikio tu. Tangu mwaka 2012 kampuni ya Tesla imekuwa ikiviita "Supercharger" vituo vyake vya kuchaji magari ya umeme kwa kasi. Hivyo neno lilelile, katika uwanja uleule wa magari, sasa lina dhana mbili zisizohusiana: mashine ya kushindilia hewa katika injini ya petroli, na kituo cha umeme cha gari lisilo na injini ya petroli. Kadiri pikipiki na mabasi ya umeme yanavyoongezeka Nairobi, Kigali na Kampala, ndivyo dhana ya pili itakavyolimiliki neno.

4.0 Hatua za ufungaji na maneno yanayopotosha

4.1 Ukaguzi wa awali

Kazi huanza bila kifaa chochote kipya. Injini hupimwa mgandamizo wa kila silinda; mfumo wa maji na wa oili hukaguliwa kama unavuja; klachi hujaribiwa. Supachaja haiponyi injini iliyochoka, bali huidhihirisha. Swali la pili ni uwiano wa mgandamizo, yaani mara ngapi ujazo wa silinda hupunguzwa pistoni inapopanda. Toyota 86 ina uwiano wa 12.5 kwa 1. Huo ni mkubwa. Injini nyingi zilizobuniwa tangu awali kushindiliwa hewa huwa na uwiano mdogo zaidi. Maana yake ni kwamba nafasi ya kukosea ni finyu, na kwamba kiasi cha hewa cha kuongezwa kwenye gari la kila siku kiwe cha wastani.

4.2 Ufungaji wa mashine na mkanda

Betri hutenganishwa, msukumo uliobaki katika bomba la petroli hutolewa kwa uangalifu, kisha manifoldi ya hewa huondolewa. Matundu ya silinda yaliyo wazi hufunikwa mara moja: nati moja ikidondoka humo, kazi yote hugeuka kuwa ya kufungua injini. Supachaja hufungwa kwa gasketi mpya na kwa nguvu ya kukaza iliyotajwa na mtengenezaji, na mkanda mrefu zaidi huchukua nafasi ya ule wa awali.

Puli zote sharti zikae kwenye mstari mmoja. Mkanda uliopinda hata kidogo hulika kingo, kisha huruka. Mkanda huo ukiwa ndio unaoendesha pia pampu ya maji, gari hupoteza supachaja na upozaji kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo neno "kompresa" linapoleta shida. Ndani ya boneti kuna kompresa nyingine, ile ya kiyoyozi, nayo huendeshwa na mkanda. Fundi aliyefunzwa kwa Kifaransa Bujumbura au Bukavu anaweza kuiita supachaja kompresa, na atakuwa sahihi kwa lugha aliyosomea. Mwenzake wa Nairobi au Arusha akisikia "legeza mkanda wa kompresa" atakwenda kwenye kiyoyozi. Wote wawili wanazungumza Kiswahili fasaha, na kila mmoja anashika boliti tofauti.

4.3 Shinikizo na upozaji

Kasi ya supachaja hutegemea ukubwa wa puli. Puli ya krenki ikiwa na kipenyo cha milimita 150 na ya supachaja milimita 75, rota huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki. Puli ndogo zaidi huongeza kasi, na kwa hiyo huongeza hewa.

Kiasi hicho kwa kawaida hutajwa kama "presha". Lakini presha ipi? Geji nyingi za magari huonyesha shinikizo la ziada, yaani lile lililo juu ya kani ya angahewa ya mahali gari lilipo. Kihisi cha kompyuta ya injini aghalabu husoma shinikizo kamili, yaani jumla. Tuchukue supachaja ya rota inayoongeza hewa kwa uwiano wa 1.5. Mombasa, kilopaskali 101 huwa takribani 151. Geji husoma 50. Nairobi, 82 huwa 123; geji husoma 41. Puli ni ileile, mkanda ni uleule, na hakuna kilichoharibika.

Fundi asiyetofautisha dhana hizi mbili anaweza kufanya kosa lenye sura ya uangalifu. Anasoma katika mwongozo kwamba presha iwe 50. Geji yake Nairobi inaonyesha 41. Anaweka puli ndogo zaidi ili kuitimiza namba. Gari linakwenda vizuri. Mwezi ujao familia inateremka nalo pwani kwa likizo. Huko angahewa ni nzito, joto ni kubwa, na supachaja sasa inashindilia kupita kiwango ambacho vinyunyizi vya petroli na pampu yake vilipimiwa. Injini inaharibika safarini, na lawama inaangukia petroli ya kituo cha mwisho.

Hewa inayogandamizwa pia hupata joto. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, ikigandamizwa kwa uwiano wa 1.5, inaweza kufikia takribani nyuzi 80, na zaidi mashine inapokuwa na ufanisi mdogo. Hewa ya moto ina uzito mdogo na huchochea petroli kulipuka ovyo. Kwa hiyo huwekwa kipozahewa, ama cha kupulizwa na upepo wa mbele ya gari, ama cha maji chenye pampu na rejeta yake ndogo. Kwa gari la foleni, cha maji kina faida kwa kuwa maji huhifadhi ubaridi kwa muda hata gari linapokuwa limesimama. Hata hivyo, pampu yake ya umeme ni kifaa kimoja zaidi cha kukaguliwa.

4.4 Petroli na cheche

Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke nayo. Vinyunyizi vikubwa zaidi, na mara nyingi pampu kubwa zaidi, hufungwa. Wakati injini inaposhindiliwa kwa nguvu, mchanganyiko hupewa petroli zaidi kuliko uwiano wa 14.7, hadi karibu na 12 kwa 1 au chini ya hapo, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza chumba cha mwako. Plagi huwa za aina inayopoa haraka, na mwanya wake hupunguzwa ili shinikizo lisiizime cheche.

Kisha hubadilishwa ratiba ya cheche katika kompyuta ya injini. Mafundi huiita kazi hii "kuseti taimingi", na neno hilo lina matatizo mawili. Kwanza, taimingi hutaja pia mpangilio wa valvu na mnyororo au mkanda wake, kazi tofauti kabisa. Pili, maelekezo kama "punguza taimingi" hayasemi cheche itoke mapema au baadaye. Katika injini iliyoshindiliwa, cheche inapaswa kuchelewa kidogo, kwa kuwa hewa iliyosongamana huungua upesi. Anayeelewa kinyume huileta mapema, na kuiletea injini kile hasa kilichokuwa kikiepukwa.

Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa wala kubuni. Viambishi vyake vya unyambulishaji vinatosha: kuwahisha cheche na kuchelewesha cheche. Vitenzi hivi viwili haviwezi kuchanganywa hata na mwanafunzi wa siku ya kwanza.

4.5 Majaribio na dalili ya hatari

Baada ya kuwashwa, injini huachwa ipate joto huku uvujaji wa petroli, maji na oili ukikaguliwa. Gari huendeshwa kwanza bila kukanyagwa sana, kisha hupimwa kwenye mashine ya kupimia nguvu likiwa na kihisi cha oksijeni kinachosoma uwiano wa hewa na petroli. Baada ya kilomita mia chache mkanda hukazwa tena.

Dalili inayoogopwa kuliko zote ni ile ambayo Kiswahili cha gereji huiita "kugonga". Petroli isipongoja cheche, au sehemu ya mchanganyiko ikilipuka peke yake baada ya cheche, mawimbi ya mlipuko hugonga pistoni. Sauti yake ni kama ya changarawe ndani ya kopo. Dereva akiisikia anapaswa kuondoa mguu mara moja, kisha ubora wa petroli, joto la hewa na ratiba ya cheche vichunguzwe.

Lakini "injini inagonga" ni pia maneno yanayotumika kwa beringi za krenki zilizokwisha. Sauti hiyo ni nzito zaidi, na tiba yake ni kufungua injini chini. Mmiliki akipiga simu na kusema injini inagonga, fundi hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo. Akidhani ni beringi, atamwambia alilete gari wikendi. Na kama ni milipuko ya ovyo, kila safari ya kazini kabla ya wikendi huila pistoni. Kati ya maneno matano yaliyojadiliwa, hili ndilo lenye gharama kubwa zaidi, na ndilo ambalo halikukopwa. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba utata wa istilahi huletwa na ukopaji peke yake.

5.0 Pendekezo la familia ya istilahi

Kitenzi kinachofaa kubeba dhana ya msingi tayari kimo katika lugha. Shindilia ni kujaza kwa kukandamiza: sufi hushindiliwa ndani ya mto, udongo hushindiliwa katika ukuta wa nyumba, na baruti hushindiliwa ndani ya gobori. Matumizi haya ya mwisho yanalingana kabisa na wazo la shehena lililozaa neno la Kiingereza. Kutokana na kitenzi hiki, na kwa kufuata muundo uliozoeleka wa kipazasauti na kipimajoto, hupatikana familia ifuatayo:

Ushindiliaji hewa: mchakato mzima, uwe kwa mkanda au kwa moshi.
Kishindiliahewa: kifaa chochote cha kazi hiyo, jina mwavuli.
Kishindiliahewa cha mkanda: supachaja.
Kishindiliahewa cha moshi: tabo.
Shinikizo la ziada: lililo juu ya angahewa ya mahali.
Shinikizo kamili: jumla ya angahewa na la ziada.
Kipozahewa: kifaa cha kupoza hewa iliyoshindiliwa.
Kuwahisha cheche, kuchelewesha cheche: kubadili wakati wa cheche.
Mlipuko holela: petroli kulipuka nje ya mpangilio wa cheche.
Mgongo­no wa beringi: sauti ya beringi zilizolika.

Vikipimwa kwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, vinavyotumika sana katika tathmini ya istilahi za Kiswahili, vipengele hivi vina nguvu katika usahihi, uangavu na uzalishaji. Kwa upande wa uwekevu havifanyi vizuri: kishindiliahewa kina silabi saba, na supachaja ina nne. Upungufu huo haufai kufichwa. Historia ya Kiswahili inaonyesha kwamba msemaji huchagua neno jepesi pale linapomtosha. Ngamizi imepotea mbele ya kompyuta, na tarakilishi imebaki na watumiaji wake hasa Kenya. Kwa upande mwingine, kiyoyozi kimekita mizizi, na jokofu linaishi sambamba na friji, kila moja mahali pake.

Matarajio ya busara, kwa hiyo, si kwamba fundi ataacha kusema supachaja. Ni kwamba mwongozo, mtihani na fomu vitakuwa na neno ambalo maana yake haitegemei kubahatisha, na kwamba supachaja itabaki kuwa kisawe chake cha mazungumzo. Neno chaja liachiwe umeme.

6.0 Maana yake kwa sera

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza; Rwanda iliifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo inaleta wajibu wa vitendo. Mambo manne yanawahusu washauri wa sera.

Kwanza, ukaguzi na bima. Kifaa kinachobadili nguvu za gari hubadili pia hatari yake, na mkataba wa bima husimama juu ya ukweli uliotajwa. Fomu inayouliza kwa Kiswahili kama gari lina "supachaja" inaweza kujibiwa kwa nia njema na mtu anayedhani anaulizwa kuhusu umeme. Fomu inayouliza kama injini imefungwa kifaa cha kushindilia hewa haina mwanya huo.

Pili, mafunzo. Vyuo vya ufundi vinaweza kutahini istilahi pamoja na stadi: mwanafunzi asome maelekezo ya Kiswahili na ayatekeleze. Istilahi inayowafanya wanafunzi wawili kufanya mambo mawili tofauti irudishwe mezani, hata kama imekwisha kuidhinishwa.

Tatu, uratibu wa kikanda. Mfano wa kompresa unaonyesha kwamba mpaka wa Kiingereza na Kifaransa unapita ndani ya Kiswahili chenyewe. Baraza moja la kitaifa haliwezi kuutatua utata huo peke yake. Kazi ya BAKITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, na vyombo vya nchi jirani inahitaji kukutana chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, huku mafundi wa Bujumbura, Goma, Kampala na Mombasa wakiwa wamekaa meza moja na wanaisimu.

Nne, kiasi. Pistoni na gasketi hazihitaji mbadala. Nguvu za usanifishaji zielekezwe penye utata wenye gharama, si penye kila neno lenye sura ya kigeni.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kufunga supachaja kwenye gari la kila siku ni kazi inayowezekana ikifuata mpangilio: injini nzima, mkanda ulionyooka, hewa iliyopozwa, petroli ya kutosha, cheche iliyocheleweshwa na shinikizo lililopimwa kwa kuzingatia mahali gari litakapokwenda. Yameonyesha pia kwamba katika kila hatua kuna neno linaloweza kumpeleka fundi mwangalifu kwenye kosa. Maneno hayo mengine yamekopwa na mengine ni ya asili. Tatizo lao la pamoja ni kubeba dhana mbili mahali panapohitaji moja. Kipimo kinachopendekezwa ni rahisi: istilahi ya ufundi ni nzuri pale mtu aliyeisikia kwenye simu, bila kuiona injini, anapojua la kufanya. Kwa mwenye gari anayesikia changarawe ndani ya injini akiwa njiani kwenda kazini, tofauti kati ya "inagonga" na "mlipuko holela" ni tofauti kati ya kuondoa mguu na kununua injini nyingine.